Mkono Mtupu Haulambwi

(Haya ni maneno ya ndugu yetu mmoja wa genge la reli, aliyowaambia wanachama na wazazi waliokutana Kiritiri. Tunayachapa kama alivyoyasema, ili wale waliokuwa kazini siku ile nao wapate kuyasoma na kuyashauri.)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, huku huku Mbeere, nikaishia darasa la nane, kwani karo ya sekondari haikupatikana nyumbani. Tangu hapo chakula changu hutoka katika nyundo, koleo na mtaimbo. Basi mkisikia kosa katika maneno yangu, lisameheni kosa, lakini lishaurini jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni vyombo vya sayansi katika shule zetu za sekondari. Najua baadhi yenu mnasema moyoni, "Huyu ni mtu wa reli, sayansi ameitoa wapi?" Ndugu zangu, nitawaambia nilikoitoa.

Mnajua kwamba chuma kikipata joto hutanuka. Kipande cha reli chenye urefu wa mita 12, joto likipanda digrii 30, huongezeka karibu milimita 4. Mtu atasema, milimita 4 ni kitu gani? Lakini katika kilomita moja ya njia mna vipande kama 83 vya urefu huo. Zijumlishe zile milimita, utapata zaidi ya futi moja ya chuma kinachotafuta mahali pa kwenda. Kisipopata nafasi, njia hupinda kama nyoka, na garimoshi huanguka. Ndiyo sababu katika njia ya kuungwa kwa vyuma na bolti twaacha nafasi ndogo kati ya reli na reli, na nafasi hiyo hupimwa kwa kufuata joto la siku ile.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nyapara alinipa kipimajoto akaniambia, "Soma." Swali la chuma kutanuka nilikuwa nimelijibu shuleni nikapata vema. Lakini kipimajoto chenyewe sikuwa nimekishika hata siku moja. Nikakikamata kwa vidole pale chini penye tungi lake, basi kikapima joto la mkono wangu, si joto la reli. Nyapara akacheka, genge zima likacheka. Kijana mwenzangu, aliyeajiriwa siku moja nami, alikuwa ametoka shule yenye maabara. Yeye akakishika sawasawa, akasoma, akaandika namba. Mwaka uliofuata yeye alipelekwa kujifunza upimaji wa njia. Mimi nikarudi kwenye mtaimbo.

Ndugu, kijana yule hakunishinda akili. Alinishinda kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha kushika kitu ambacho yangu haikupata kukishika. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Nami naongeza kwamba mkono mtupu haufundishiki.

Nilidhani mambo hayo yalikwisha pamoja na utoto wangu. Basi likizo iliyopita nilikuja nyumbani. Binti wa marehemu kaka yangu yuko sekondari ya kutwa, na mimi ndiye ninayemlea. Jioni alikuwa akisoma kemia. Nikaona katika daftari lake mchoro mzuri sana wa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama na bomba dogo chini, ambao hudondosha asidi tone kwa tone mpaka maji ya chini yabadilike rangi. Nikamwuliza, "Hii umeishika?"

Akasema, "Hapana, Baba mdogo. Mwalimu aliishika. Sisi tulikuwa 48, na mimi nilikaa nyuma."

"Rangi uliiona ikibadilika?"

"Sikuiona, lakini najua hubadilika. Nimeandika."

Maneno hayo yalinichoma. Mtoto huyu ataka kuwa muuguzi. Siku moja atapima dawa na kuitia katika sindano, nayo sindano hiyo huenda ikaingia mkononi mwangu au mwako. Je, mwataka awe amepima kwa mikono yake, au ameandika tu kwamba hupimwa?

Sasa tazameni mtihani wenyewe. Katika KCSE, somo la kemia lina karatasi tatu. Mbili za kwanza ni za kuandika, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, alama 40. Fizikia na baiolojia nazo zina karatasi ya tatu ya vitendo, alama 40 vilevile. Siku ile mtoto huwekewa vyombo mbele yake, naye aambiwa, pima, changanya, soma, andika. Hawezi kumwambia msimamizi, "Mimi nilikaa nyuma."

Shule nyingi maskini hufanya nini? Hukaa miaka mitatu na nusu na chaki, kisha majuma machache kabla ya mtihani hukimbilia kuazima na kununua vyombo kwa haraka. Mtoto aonyeshwa bureti leo, apimwa kwayo kesho. Ni kama kumpa mtu garimoshi siku ileile alipoliona mara ya kwanza. Akianguka twasema, "Watoto wa siku hizi hawana bidii." Hatujiulizi kama tumempa chombo cha kufanyia bidii.

Wala msiseme mtihani huo unakwisha, basi taabu itakwisha nao. Ni kweli, watoto wa mwisho wa mtindo wa 8-4-4 ndio wa KCSE ya mwaka 2027. Lakini mtindo mpya wataka vitendo zaidi. Tangu 2023 sekondari ya chini imewekwa ndani ya shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengwa na maabara. Na Januari 2026 ndipo watoto wa kwanza walipoingia gredi ya 10 katika sekondari ya juu, wakitakiwa kuchagua njia, na njia moja ni ya sayansi, ufundi na hesabu. Mtoto wa shule isiyo na vyombo hachagui. Amekwisha kuchaguliwa na umaskini wa shule yake.

Ndugu zangu wa Mbeere, jambo hili latuhusu kuliko watu wengine. Toka hapa uteremke kuelekea mto Tana. Utaona Kamburu, bwawa lililoanza kazi mwaka 1974. Utaona Gitaru, ya mwaka 1978, yenye uwezo wa megawati 225. Utaona Kiambere, ya mwaka 1988. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya imetoka katika maji haya. Nyaya kubwa zapita juu ya mashamba yetu ya ndengu, juu ya mbuzi wetu, zaenda Nairobi. Na chini ya nyaya hizo kuna watoto wanaosoma katika kitabu kwamba sumaku ikizunguka ndani ya waya umeme huzaliwa, na hawajapata kushika sumaku wala kipande cha waya. Siku kituo kikihitaji fundi, fundi hutoka mbali. Mtoto wetu hupewa kazi ya kufyeka majani kando ya ua.

Basi tufanye nini?

Kwanza nataka tujifunze kutokana na baba zetu. Baada ya uhuru mwaka 1963, neno lilikuwa Harambee. Watu waliuza mbuzi, wakabeba mawe na maji kichwani, wakajenga shule za sekondari kwa mikono yao. Tuwape heshima. Bila wao kusingekuwa na sekondari mahali pengi nchini. Lakini waliweza kujenga kuta kuliko kujaza kuta. Ukuta huonekana. Mgeni mkubwa huja, hukata utepe, jina lake huandikwa ukutani. Hakuna anayekuja kukata utepe wa chupa ya asidi. Ndiyo maana hata leo, pamoja na mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, waweza kukuta nyumba imeandikwa MAABARA mlangoni, na ndani mna meza, vumbi na madawati mabovu.

Tena niliwahi kuona jambo baya zaidi, katika shule moja nisiyoitaja. Hadubini zilikuwako, mbili, ndani ya sanduku, bado zimefunikwa nailoni. Nikauliza kwa nini hazitumiwi. Nikajibiwa, "Watoto watazivunja." Ndugu, chombo kilichofungiwa kabatini hakina tofauti na chombo kisichokuwapo. Afadhali hadubini iliyovunjika baada ya kutazamwa na watoto 500 kuliko nzima isiyotazamwa na yeyote.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tusichange fedha za kujenga nyumba nyingine. Tuchange kwa ajili ya vitu vinavyoingia mkononi mwa mtoto, na vitu vinavyokwisha kila muhula. Hilo tu.

Najua mtaniuliza maswali matatu. Niyajibu kabla hamjayauliza.

Swali la kwanza: "Hiyo si kazi ya Serikali? Sisi si twalipa kodi?" Ndiyo, ni kazi ya Serikali, wala mimi sisemi tuinyamazie. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia wanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 10,265 kila mmoja kwa mwaka, na mwaka 2018 ikapandisha hadi 22,244. Fedha hizo mara nyingi hufika kwa vipande na kwa kuchelewa, nazo zagawanywa kwa mambo mengi. Twapaswa kuzidai, kwa barua na katika mikutano, kama tunavyodai mshahara wetu. Lakini mfanyakazi anayedai nyongeza hawaachi watoto wake walale njaa mpaka nyongeza ije. Hudai kwa mkono mmoja, hulima kwa mkono wa pili.

Swali la pili: "Walimu hawawezi kutengeneza vyombo wenyewe?" Wanaweza kiasi. Tangu mwaka 1998 Wizara ya Elimu pamoja na shirika la Japani, JICA, walianza mpango wa kuwafundisha walimu wa hesabu na sayansi kutumia vitu vilivyo karibu nao. Ni jambo jema. Ua jekundu la haibiskasi likichemshwa, maji yake hubadilika rangi yakikutana na limau, na tena rangi nyingine yakikutana na maji ya majivu. Mtoto aweza kujifunza asidi na alkali jikoni kwa mama yake. Lakini hadubini haitoki katika chupa, wala bureti haitoki katika bomba la kalamu.

Mmesikia habari za mwalimu Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha sekondari ya Keriko, kule Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja tu. Wanafunzi wake walishinda shule tajiri katika mashindano ya sayansi ya nchi, na mwaka 2019 yeye alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Twamsifu. Lakini kumbukeni kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wenye shida. Nawauliza wanachama: nani kati yetu angekubali mwajiri amwambie anunue nyundo, kofia na glavu za kazi kwa mshahara wake? Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atupe vifaa vya kujikinga. Mwalimu naye ni mfanyakazi. Wema wa mtu mmoja ni mfano, lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa mshahara wa bruda mmoja.

Swali la tatu, na hili ndilo kubwa: "Fedha zitaliwa." Ndugu, hofu hiyo ni ya haki. Twaona michango inavyoyeyuka. Kwa hiyo sikuja kuomba mniamini. Nimekuja kuomba tuweke njia ambayo hata mwizi ataona taabu kupita.

Ada ya chama isiguswe hata senti. Hiyo ni ya kazi ya chama. Mchango huu uwe wa hiari, uwe na daftari lake na akaunti yake. Tukipatikana watu 60, kila mmoja akatoa shilingi 200 kwa mwezi, kwa mwaka twapata shilingi 144,000. Asiye na mshahara alete debe la ndengu wakati wa mavuno, liuzwe mbele ya watu, liandikwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Fedha zisitoke bila sahihi tatu: mmoja wa chama, mmoja wa wazazi, mmoja wa shule. Kabla ya kununua, tuombe bei kwa wauzaji watatu. Kiko chombo cha Serikali Nairobi kiitwacho SEPU, kilichoanzishwa mwaka 1976 kwa kazi hiyo hiyo ya kutengeneza vifaa vya shule. Wana hata maabara ya kusukumwa kwa magurudumu, yenye karo na jiko la gesi, ambayo yaweza kuhamishwa kutoka darasa hadi darasa. Tuanze kwao, kisha tulinganishe na wengine. Na kila risiti ibandikwe ukutani shuleni, mahali mama anayeleta chakula cha mtoto aweza kuisoma.

Tununue nini? Mwalimu wa sayansi ndiye atakayeandika orodha, si mimi wala mwenyekiti. Lakini tumpe kanuni hii: kwanza kile kinachoshikwa na mtoto, seti moja kwa watoto wanne, wala si seti moja ya mwalimu. Neli za kioo, vikopo vya kupimia, bureti, vipimajoto. Waya, balbu ndogo, betri, sumaku, lenzi, mita za kupimia umeme. Hadubini hata moja, iwe nje ya sanduku. Pili, vinavyokwisha: gesi, asidi, chumvi za kemia, karatasi za litmasi. Kila mwaka tuweke akiba ya hivyo, kwani jiko bila gesi ni chuma tu. Tatu, usalama: miwani ya macho, glavu, ndoo ya mchanga, sanduku la huduma ya kwanza. Sisi watu wa karakana twajua jicho halina spea. Nne, tangi la kukingia maji ya mvua, maana hapa kwetu jua ni kali na maabara bila maji haifai.

Na kiwepo kitabu cha vyombo. Kikivunjika, kiandikwe kwamba kimevunjika, basi. Mtoto asichapwe wala asitozwe kwa neli iliyomponyoka. Mtoto anayeogopa kuvunja hatashika, na asiyeshika hatajifunza.

Sasa nifikie neno langu la mwisho, nalo halihitaji fedha nyingi. Tazameni tulioketi hapa. Kuna wachomea vyuma. Kuna maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme. Stendi ya kushikia bureti ni nini? Ni bamba la chuma, nondo moja wima na kishikio. Kigoda cha miguu mitatu cha kuwekea chombo juu ya moto? Ni kipande cha nondo na dakika chache za kuchomea. Rafu ya kuwekea neli ni ubao wenye matundu. Kwa mabaki ya vyuma yanayonunuliwa kwa halali, na Jumamosi mbili za kazi zetu, shule moja yaweza kuacha kununua vitu hivyo kabisa. Fedha zetu chache tuzihifadhi kwa vioo, dawa na hadubini, ambavyo hatuwezi kutengeneza. Na watoto waje watutazame tukifanya kazi. Wataona kwamba ufundi na sayansi ni ndugu wa tumbo moja.

Kuna watu watakaosema tungoje mfadhili kutoka ng'ambo. Akija, karibu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mfadhili huleta sanduku mara moja, hupiga picha, huenda zake. Gesi itakwisha mwezi wa tatu, naye hatakuwapo. Sisi tutakuwapo, kwani watoto ni wetu.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu usiishie kwa makofi. Ichaguliwe leo kamati ya watu watano, wawili kati yao wawe akina mama. Juma lijalo waende shule moja tu, wamwulize mwalimu wa sayansi maswali mawili: una nini, na unakosa nini. Warudi na karatasi, waisome hapa. Kisha mafundi wajiandikishe kwa Jumamosi ya kwanza. Tukifaulu shule moja, tutaendea ya pili.

Mimi nitatoa shilingi zangu 200 za mwezi wa kwanza sasa hivi, ziandikwe. Na binti wa kaka yangu nimemwahidi jambo moja. Sikumwahidi kwamba atapasi, hiyo ni kazi yake. Nimemwahidi kwamba kabla hajamaliza shule, ile bureti ataishika mwenyewe, na ile rangi ataiona ikibadilika kwa macho yake. Nisaidieni nisiwe mwongo.

Umoja ni nguvu.